Mkono Wangu Kwenye Kitabu cha Mviringisha Mavi

Hebu niambie, wewe umewahi kumvisha kofia mdudu wa mavini?

Usicheke, nimeuliza swali la kawaida. Mimi nimemvisha. Na umri wangu huu, magoti yanalia kama mlango wa bati, nilipiga magoti katikati ya zizi la mzee wangu hapa Mtinko, mkononi nina ganda la karanga, mbele yangu yule mdudu mweusi anayeviringisha mavi ya ng'ombe, na pembeni mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, unamkalisha kofia upande, kwani huyu mlevi?"

Kilichonifikisha huko ni kitabu. Mimi na vitabu hatukuwa na mazoea. Shule niliishia darasa la tatu. La kwanza nilijifunza kukaa kimya, la pili nikajifunza kulima shamba la mwalimu mkuu, la tatu nikaona haya mawili nimeshayajua, nikarudi nyumbani. Kusoma najua, ila nasoma kama kuku anavyokunywa maji. Nadonoa neno moja, nainua kichwa juu nalimeza, halafu ndiyo narudi kutafuta lingine. Ukinipa barua asubuhi, jioni nitakwambia imetoka kwa nani.

Nilichonacho mimi ni hadithi. Hizo hakuna wa kunishinda, na wanaojaribu huwa nawaongezea chumvi nyingi mpaka wanakata tamaa. Hata huyo mdudu nilikuwa na hadithi yake, niliipata kwa mama yangu, nikairekebisha. Kwamba zamani alikuwa bwana mmoja mnene, akaenda ukweni, wakamwekea ugali wa uwele, ule mzito wa kushiba watu sita. Akaula wote, akalamba na mwiko. Mama mkwe akamwambia, wewe, huo ugali ulikuwa wa nyumba nzima, urudishe. Basi mpaka leo anaurudisha, kwa umbo lile alilonalo sasa. Watoto walikuwa wanagaragara kwa kucheka. Watoto wangu wameicheka, wajukuu wameicheka, nikajua hii nitazikwa nayo.

Sasa kuna mjukuu mmoja, mtoto wa binti yangu. Mama yake yuko Manyoni anapika mgahawani, mtoto anakaa kwetu. Babu yake anamwita mchumba, mimi namwita mke mwenzangu, kwa sababu tangu amekuja huyo babu ananiita mara moja na yeye mara tatu. Alikuwa darasa la pili na hakuwa anasoma. Simaanishi alikuwa anasoma polepole kama mimi. Hakuwa anasoma kabisa. Ukimwekea herufi mbele anaziangalia kama unamwonyesha mchwa wanapita. Mdomo wake ulikuwa mzima, wa kujibu kila kitu, lakini kwenye daftari anakuwa bubu. Mwalimu wake, binti mdogo aliyetoka Singida mjini, mwembamba, viatu vinang'aa hata kwenye tope, alituita mimi na mzee. Akasema kwa heshima kabisa kwamba asiposoma mpaka shule ifungwe mwisho wa mwaka, atarudia la pili.

Mtoto alikuwa amesimama hapo hapo. Njiani kurudi hakunijibu hata neno. Nikamtania kuhusu masikio yake, kimya. Ndipo nikajua limemchoma.

Basi mvua za mwanzo wa mwaka zikanyesha. Pale shuleni wakaletewa sanduku la bati, ndani vitabu vya picha. Mwalimu akasema kila mtoto anaazima kimoja Jumatatu, anarudisha Ijumaa. Atakayechafua au kuchana haazimi tena mpaka shule ifungwe. Sheria aliiandika ubaoni, akaisoma mara mbili.

Jumatatu mke mwenzangu akarudi mbio, begi linaruka mgongoni. Hakusema shikamoo, ikabidi nimrudishe mlangoni aingie upya.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa pumua."

"Bibi, kitabu changu ni cha mavi."

Nikasema labda nimezeeka vibaya. Akakifungua. Kweli bwana. Picha kubwa ya ng'ombe amegeuza makalio, na chini yake kibonge kinafuka moshi, kimechorwa vizuri mpaka unataka kuziba pua. Na pembeni yule mdudu wetu, mweusi anang'aa kama viatu vya mwalimu, miguu ya nyuma iko kwenye donge lake. Mimi nikawaza, serikali nayo ina mambo. Wakati wetu kitabu kilikuwa kinaonyesha mtoto amevaa soksi anakunywa maziwa.

Maneno yalikuwa machache na yanaimbika. Mwalimu alikuwa amewasomea darasani mara moja, na mtoto alikuwa ameyabeba kichwani yote:

Kichwa chini, nyuma juu, nasukuma donge langu,
Usiseme ni uchafu, hiki ni chakula changu.
Nalifukia shambani, ushibe udongo wangu,
Mtama ukichipua, ujue ni jasho langu.

Akayaimba akiruka mguu mmoja. Kisha akasimama ghafla, akaniangalia kwa jicho ambalo mke mkubwa hapaswi kuangaliwa nalo.

"Bibi, ulinidanganya."

"Nani? Mimi?"

"Ulisema anarudisha ugali ukweni. Harudishi. Anakula. Anafukia na watoto wake wanakula humo humo, na yanayobaki yanalisha shamba. Mwalimu kasema."

Nikamwambia hadithi yangu ilikuwepo kabla mwalimu hajaota meno. Akasema ndiyo, lakini siyo kweli. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia kitenge chako kimefunguka nyuma. Nilikasirika kidogo, sitakuficha. Miaka yote hiyo bwana mnene wangu anafanya kazi, leo kitabu chenye karatasi kumi kinamfukuza.

Lakini nikaona kitu. Alipokuwa anaimba, kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya karatasi. Anaimba "donge langu", kidole kinasimama. Anaimba "chakula changu", kidole kinasimama chini yake. Akarudi juu, akaweka kidole kwenye *langu*, akashuka kwenye *changu*, akarudi tena.

"Bibi, yanafanana mkia."

Nikainama. Kweli yanafanana. Akaanza kuwinda mikia kitabu kizima, huyu hapa, na huyu hapa, kama anachambua choroko. Kwa sababu wimbo anaujua, neno likimkataa anauliza wimbo, wimbo unamjibu. Jumanne jioni alikuwa anasoma. Nimesema anasoma. Alimsomea babu yake kurasa tatu, na babu, ambaye kwa kawaida husinzia hata akiwa amesimama, hakusinzia.

Ukurasa wa katikati ndio uliotupeleka zizini. Ulisema hivi:

Sina simu, sina mwenzi, jua lanielekeza,
Wingu likilifunika, juu ya donge nacheza.

Na picha inaonyesha mdudu amevaa kofia pana, anazunguka hajui aende wapi. Mtoto akasema, "Bibi, hii mimi siamini."

"Kitabu kimesema."

"Na wewe ulisema ugali."

Sasa hapo ungejibu nini? Jumatano akitoka shule tukaenda zizini. Wakati wa mvua hao wadudu hawatafutwi, ng'ombe akiinua mkia tu wameshafika, sijui nani anawaambia. Tukamchagua mmoja mwenye nguvu, donge lake zuri la mviringo, anakwenda moja kwa moja kama ameitwa. Nikamvisha lile ganda la karanga. Akalipiga teke likaenda kule. Nikamvisha tena, akalala chali akajifanya maiti. Nikamtukana kwa Kinyaturu, mtoto akasema, "Bibi, usimseme, ana aibu."

Kofia ilipogoma nikaleta ungo. Nikausimamisha juu yake kumzibia jua. Kumbe dawa ndiyo hiyo. Alisimama. Akapanda juu ya donge lake, akazunguka huku na huku kama bibi harusi anaonyesha gauni, akashuka, akasukuma kidogo, akapanda tena. Nikaondoa ungo, akacheza mara moja, akashika njia yake ile ile. Nikarudisha ungo, huyo juu ya donge.

Nilikaa chini kabisa pale mavini. Miaka yote hii nimewaona hao wadudu. Nimewapita, nimewakanyaga, nimewatungia uongo, na hata siku moja sikuwahi kumuuliza mmoja wao anajuaje njia.

Mtoto hakuwa amekaa chini. Alikuwa anafikiri, unamwona na ulimi unatoka. Akakimbia ndani, akarudi na kioo cha babu yake cha kunyolea. Akaniambia nizibe jua kwa ungo, yeye akasimama upande wa pili, akalichota jua kwa kioo akamrushia mdudu. Kwa hiyo jua la mdudu sasa linatokea upande mwingine. Sikiliza, sikudanganyi, hapa siongezi chumvi. Mdudu alipanda juu, akazunguka, akashuka, akageuza safari. Akaanza kurudi alikotoka, kwa bidii ile ile, na donge lake.

"Amegeuka," akasema mtoto, kwa sauti ndogo sana.

Na pale alipokuwa anakwenda mdudu ndipo ulipotokea mguu wa mzee wangu. Alikuwa amekuja kutafuta kioo, nusu ya kidevu ina povu. Akatuangalia wake zake wote wawili tumeinama zizini, vichwa chini.

"Nyuma juu," akasema. "Sasa kati yenu mdudu ni yupi?"

Mimi nikamwambia atoke kwenye njia ya watu.

Sasa nafika mahali ambapo napenda niruke, lakini mke mwenzangu akisikia nimeruka atanisema.

Jumamosi ile jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inakuja kusali kwangu. Kwa hiyo Alhamisi ilikuwa siku ya kusiriba. Kama hujui, sakafu yetu ya udongo ukiiacha hivi hivi inatimka vumbi, viroboto wanahamia. Unachukua mavi ya ng'ombe ya asubuhi, yale mabichi ya ng'ombe aliyekula majani, unachanganya na majivu na maji, unapaka kwa kiganja ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kiganja kinaacha mistari kama ya mkeka. Ikikauka inanukia vizuri, inakuwa ngumu, unaweza kulala juu yake. Mimi nimefanya hivyo tangu nina miaka sita. Na ndiyo maana kwangu hayo mavi siyo uchafu. Ni kama unga kwa mpishi. Nikimaliza nanawa, basi, lakini katikati ya kazi sina habari kwamba nina mikono michafu. Nataka ulielewe hilo kabla hujanihukumu.

Mtoto alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ananisomea nikiwa kazini. Alikuwa amefika ukurasa wa mwisho, ule ambao mwalimu hakuwasomea, alisema wausome wenyewe. Wimbo haujui. Kwa hiyo pale ilikuwa ni yeye na herufi tu, na alikuwa anapambana, jasho puani. Akakwama.

"Bibi, hili neno linasemaje?"

"Lipi?"

"Hili."

Nikaenda. Nikainama. Na ili nilione vizuri nikakishika kitabu. Mkono mmoja chini, mwingine nikauweka kabisa juu ya ukurasa kuulalisha, kama ninavyolalisha sakafu.

Tuliangalia wote wawili. Mkono wangu ulikuwa pale, vidole vyote vitano, wa kijani.

Kama ningeishia hapo labda ingekuwa nafuu. Lakini mtu akiharibu ndipo akili nyingi zinamjia. Nikafuta kwa kanga, ikasambaa. Nikasema tunafanyaje sakafu isipokauka? Tunanyunyiza majivu. Nikanyunyiza majivu. Kijani ikawa kijivu. Nikakianika juani juu ya gunia, nikarudi kuchanganya ndoo yangu, na kuku wangu mwekundu, ambaye mpaka leo sijamsamehe ila anataga vizuri, akaona punje ya mtama imegandia kwenye ukurasa. Akadonoa. Alidonoa mtama na karatasi yake. Tundu likabaki pale pale penye neno ambalo mtoto alikuwa ananiuliza.

Mke mwenzangu hakulia. Ningependa angelia. Alichukua kitabu, akakifunga, akakaa nacho mapajani.

"Kesho ni Ijumaa," akasema.

"Nitakwenda mimi."

"Hataniazima tena. Na bila kitabu sijui. Nitarudia la pili."

Nikamletea daftari lake la shule, nikamwambia basi soma hili. Akaliangalia kama anaangalia mchwa. Nikaacha sakafu nusu kavu nusu mbichi, mkono wangu hautaki tena ndoo.

Ijumaa nikavaa kitenge changu cha kanisani, nikakifunga kitabu ndani ya kanga, tukaenda wawili. Shikamoo zikapita, marahaba. Mwalimu akatukaribisha kwenye kile chumba wanachoweka sanduku. Nikafungua kanga. Akafungua kitabu. Akarudisha kichwa nyuma.

"Bibi, hiki ni nini?"

"Mavi, mwalimu."

"Naona. Ya nini?"

"Ya ng'ombe. Yule mweusi wa mzee."

Akageuza kurasa kwa kucha mbili. Nikamweleza habari yote, sakafu, jumuiya, majivu, kuku. Kuku nilimwelezea kwa kirefu kwa sababu nilitaka naye achukue sehemu yake. Mwalimu alikuwa anang'ata mdomo, sikujua ni hasira au kitu kingine.

"Bibi, nakuheshimu sana. Lakini sheria niliiandika ubaoni mbele ya watoto wote. Nikimwachia huyu, Jumatatu nitaletewa vitabu vimekaangiwa maandazi."

"Sawa kabisa. Sheria ifuatwe," nikasema. "Ila kwanza mwambie asome."

"Huo wimbo amekariri, bibi. Wote wamekariri."

"Basi mpe kingine."

Mwalimu akaniangalia. Akafungua sanduku, akatoa kitabu cha kivuli, jinsi kivuli kinavyorefuka na kufupika kwa ajili ya jua, mtoto hajawahi kukiona hata jalada lake. Akampa. Mke mwenzangu akakishika. Mimi mikono yangu nilikuwa nimeificha chini ya kanga ingawa nilikuwa nimeiosha kwa sabuni mara tatu.

Alianza. Alisoma kama mimi, kama kuku anakunywa maji. Anadonoa, anainua kichwa, anameza. Neno la tatu akaanguka. La tano akaanguka. Akafika mwisho wa mstari wa kwanza, akaenda mwisho wa mstari wa pili, nikaona jicho lake limeruka kutoka mkia hadi mkia, na kidole kikasimama. Akatabasamu peke yake. Kutoka hapo alitembea. Polepole, lakini alitembea, mpaka chini ya ukurasa, akafunua wa pili bila kuambiwa.

Mwalimu akamwambia inatosha. Hakumsikia, akaendelea.

Nikaona ndiyo nafasi yangu. "Mwalimu, hebu nisomee na mimi ile sheria. Inasema nani asiazime?"

"Atakayechafua au kuchana kitabu."

"Huyu amechafua?"

Akauangalia tena ule ukurasa.

"Mkono huo ni wa nani? Pima." Nikaweka mkono wangu juu ya ule wa kwenye ukurasa, ukakaa kama ufunguo. "Mwenye kosa ni mimi. Nifungie mimi. Kuku mwenyewe hasomi, mwache."

Hapo ndipo yule binti alicheka. Alijaribu kukohoa ili ionekane kikohozi, ikashindikana. Akachukua daftari lake la waliofungiwa, ambamo hakukuwa na mtu bado, akaandika mstari wa kwanza kabisa. Akanisomea: bibi wa fulani, wa darasa la pili, haruhusiwi kushika kitabu chochote cha sanduku mpaka shule ifungwe. Nikaomba niweke sahihi. Akasema hapana, kalamu yenyewe pia ibaki safi.

Ningeondoka, lakini wakati wote huo nilikuwa naangalia chini. Sakafu ya chumba chenyewe ilikuwa aibu. Imepasuka, kila ukinyanyua mguu vumbi linapanda mpaka kwenye vitabu, na kiroboto mmoja alikuwa ameshanitembelea ugokoni. Nikamwambia, mwalimu, mimi nimechafua kitabu kimoja, hii sakafu yako inachafua sanduku zima. Nipe ruhusa niisiribe. Akauliza kwa kitu gani. Nikasema kwa mavi, mwalimu, tumekuwa tukiongea habari gani hapa tangu asubuhi?

Jumamosi jumuiya ilisali kwangu kwenye sakafu nusu kwa nusu. Nilikuwa nimemalizia jana yake jioni, upande wa mlangoni haukukauka. Nikawaambia wapige magoti upande wa dirisha. Katekista hakusikia, yeye akishaanza kuomba hasikii. Aliondoka na magoti mawili ya kijani na hakuna aliyemwambia, tulimwacha apite nayo njia nzima.

Jumatatu ikawa shughuli shuleni. Watoto wote wa la pili waliagizwa walete mavi, na sijawahi kuona watoto wanatii agizo la mwalimu kiasi kile. Ndoo, makopo, mmoja kaleta kwenye mfuko wa daftari. Nikachanganya, nikaanza kwenye ukuta wa nyuma, nikawafundisha kurudi kinyumenyume ili usijifungie kwenye kona kama mjinga. Mwalimu alikuwa amesimama nje na viatu vyake. Baadaye akavivua. Baadaye akakunja mikono. Akaingiza kiganja kwenye ndoo huku amefunga macho, kama anaingiza kwenye mdomo wa fisi.

"Ni laini," akasema.

"Ulitegemea miiba?"

Alisiriba kipande kama cha mlango, kibaya, mawimbi matupu, nikakirudia akiwa haangalii. Kabla hatujamaliza, wadudu wenyewe wakaingia dirishani, wawili, wanavuma kama pikipiki, wakatua kwenye ndoo. Watoto wakawazunguka. Na mke mwenzangu, ambaye wiki mbili nyuma alikuwa bubu mbele ya herufi, akapanda juu ya kopo lililopinduliwa akawatangazia wenzake kwamba kitabu kimesahau kitu. Kwamba mavi yanagombaniwa na watu wawili, mdudu na bibi, na kitabu kimesema habari za mdudu peke yake. Akasema ametunga kipande chake:

Na bibi ayahitaji, ayapake sakafuni,
Wewe beba donge moja, mengine acha ndooni.

Mwalimu alimwambia arudie, akayaandika ubaoni kwa mkono wenye mavi. Alama ya vidole vyake bado ipo pale juu, kila nikipita naiangalia. Kile kitabu nacho kimerudi sandukuni na mkono wangu ndani. Nasikia ndicho kinachogombaniwa kuliko vyote, watoto wanapima viganja vyao juu ya changu. Tundu la kuku mwalimu hakuliziba. Anawauliza watoto neno gani lilikuwa hapo, na wanalitafuta kwa mkia.

Shule bado haijafungwa. Mke mwenzangu ameshasoma cha kivuli, cha mvua, cha mbegu ya alizeti inavyoamka, na kimoja cha tumbo ambacho kimenitia wasiwasi kuhusu ugali. Wiki iliyopita mwalimu ametuambia mimi na mzee kwamba la tatu anaingia. Babu akasema anataka mahari yake irekebishwe, amechumbia mtu wa la pili.

Hadithi yangu ya bwana mnene bado naisimulia. Nimeongeza tu kwamba siku za mawingu anapotea njia ya ukweni, anapanda juu ya ugali anacheza. Mtoto anasema sasa nusu ni kweli.

Mimi adhabu yangu naitumikia. Kila Jumatatu anakaa pale pale kwenye kizingiti ananisomea, mimi nimekaa mbali. Nikitaka kuona picha ananiambia, "Bibi, mikono nyuma." Nikisogea anasema, "Bibi, hatua tatu." Juzi nilikuwa nasiriba, zamu ya jumuiya imerudi kwangu, na kulikuwa na picha ya nyota nilitaka kweli niione. Nikanyoosha shingo, akakifunga kitabu.

Nikamwambia, "Haya bwana. Nitakufa sijashika kitabu kingine, na mkono wangu wenyewe umo humo unachezewa na watoto wa watu."

Nilikuwa natania. Yeye hakucheka. Alikiweka kitabu ndani ya begi, akafunga zipu, akaja mpaka ukingoni mwa sakafu mbichi, akachuchumaa, uso wake na wangu.

"Bibi, nikiwa mkubwa nitaandika changu. Kina wimbo, kina picha, wewe uko zizini na ungo. Hicho utakishika wewe wa kwanza. Kwa mikono yote miwili, ukitoka kusiriba, bila kunawa."